Simu Kwenye Beseni la Rola

Jumatatu, 3 Machi

Nimesuka vichwa vitatu. Vidole vimekufa. Madam wa saluni hataki simu mkononi, zote zinakaa kwenye beseni la rola chini ya kioo. Yangu imelia siku nzima. Grupu ya wapangaji wa ploti yetu. Maji yamekatika mtaa wote wa Kware, Mama Shiru wa ghorofa ya tatu amempasua mtu kichwa kwa mtungi kwenye foleni. Picha ya damu kwenye ngazi. Nimechoka na damu za watu. Nimezima mlio wa grupu.

Mdogo wangu Wekesa alifika juzi kutoka Bungoma. Atakaa na mwanangu Imani mchana mpaka apate kazi ya mjengo. Mtoto ashampenda. Nina furaha, kwa miezi mingi tumekuwa wawili tu. Nyumbani mgeni akija unampitisha kwa majirani wamjue. Hapa nani ana muda? Ghorofa sita!

Jumatano, 5 Machi

Eti kuna wezi wa watoto. Kevo, yule wa kibanda cha chipsi hapo chini, ametuma sauti kwa grupu: "Tukimshika ni tairi na petroli tu. Polisi wa nini?" Watu wakaweka vidole gumba. Nikamwangalia Imani amelala, mdomo wazi. Nikaweka changu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika tu.

Nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Simu ikaanza kuwaka ndani ya beseni. Bila mlio, mwanga tu. Inawaka, inazima, inawaka. Mteja akaniambia, "Dada, huko kwenu kunaungua." Madam akasema, "Wewe suka." Nikaachilia nywele.

Mwizi wa watoto ameshikwa. Picha. Jicho limefumba, mdomo umepasuka. Fulana ya kijani niliyonunua mimi. Wekesa. Alikuwa ametoka kununua maziwa, Imani akalilia mandazi, Mama Shiru akamuuliza huyu mtoto ni wa nani. Akababaika. Basi. Mama Shiru amembeba Imani kwenye picha, Imani anamnyooshea Wekesa mikono. Wao waliona mtoto anamwogopa mwizi. Chini wanaandika "Maliza yeye". "Tairi iko wapi?"

Nikaandika HUYO NI KAKA YANGU katikati ya jumbe zinazomiminika. Ikamezwa. Nikaandika tena. Ikamezwa. Keateka anayesimamia ploti hashiki simu. Mama Shiru hashiki. Video ikaingia. Jiwe linampiga mgongoni, anaanguka kwenye mtaro, wanamkanyaga. Na karibu kabisa na simu nasikia kicheko cha Kevo.

Simu inayorekodi anayo Kevo mkononi. Nikampigia yeye.

"Wewe nani? Umenikatia video!"

Nilipiga mayowe saluni yote ikasimama. Mimi ni mama ya huyo mtoto! Huyo ni mjomba wake! Mkimuua nitawaua mmoja mmoja! Weka spika!

Akaweka. Nikaita, "Imani! Imani wa mama! Enda kwa anko."

Kelele zikapungua. Sikuona kitu. Nikasikia mwanaume akisema, "Wacheni. Jameni, wacheni. Mtoto amemlalia."

Tairi ilikuwa shingoni mwa Wekesa tayari. Nilipofika nyumbani nikamkumbatia Imani, alinuka petroli.

Jumamosi, 8 Machi

Hospitalini wamemshona Wekesa kichwa na sikio. Meno mawili hayapo. Kevo amefungua kibanda kama kawaida, anakaanga. Hata pole hajasema.

Nikachemsha maji kwa sufuria kubwa. Ya kummwagia Kevo usoni. Yakitokota nilisikia utamu rohoni, sitadanganya. Hata kidole gumba changu kiko pale chini ya sauti yake, najua. Bado nilitaka ngozi yake itoke.

Nikainua sufuria. Wekesa akauliza kutoka kitandani, "Dada, hayo ni ya kuniosha? Bado nanuka."

Nikayachanganya na ya baridi. Nikamwosha polepole, nikikwepa nyuzi. Nililia mpaka kamasi.

Jumapili, 9 Machi

Wekesa anataka kurudi nyumbani. Nimemwambia, ngoja kwanza.

Baada ya kanisa nikabeba Imani, nikamshika Wekesa mkono, tukaanza ghorofa ya sita tukishuka. Kila mlango. "Huyu ni kaka yangu. Anaitwa Wekesa. Anaishi na sisi." Wengi walitazama viatu vyao. Mmoja wa ghorofa ya nne alilia, sikumuuliza kwa nini. Mama Shiru alitupa viti na chai. Chai ilikuwa tamu sana.

Mwisho Kevo. Alifunga chipsi kwa karatasi, akampa Wekesa kwa mikono miwili. Wekesa hawezi kutafuna. Amekula Imani.

Nimerudisha mlio wa grupu. Jioni umelia mara moja: maji yamerudi. Wekesa akachukua mtungi, akasema ataenda peke yake. Nilisimama mlangoni nikisikiliza viatu vyake vikishuka. Kwenye foleni ya ghorofa ya tatu nikasikia Mama Shiru: "Wekesa, pita mbele yangu."