Sauti Yangu Kabla ya Jumanne

Jumatatu, 3 Februari

Imerudi. Daktari hakuzunguka. Mionzi ya mwaka jana iliipunguza tu, haikuimaliza, na sasa saratani imekamata kisanduku chote cha sauti. Dawa hazitoshi. Lazima wakiondoe — chote. Nitapumulia tundu hapa chini ya koo. Kula nitakula kama kawaida baadaye, alisema. Utadhani mimi nilimuuliza habari ya kula!

Nikamuuliza: na kuongea? Akaangalia kalenda ukutani. Kuna vifaa, kuna mazoezi, wengine hupata namna. Lakini hii sauti, hii hii niliyomuulizia — basi. Upasuaji ni Jumanne ya tarehe kumi na nane.

Nilicheka. Kweli nilicheka, mpaka nesi akageuka. Mimi ndiye ninayewafundisha walimu watarajiwa waweke ulimi wapi na mdomo waufanyeje, ili nao wakawafundishe watoto wa shule ya msingi Kiingereza. Kazi yangu yote inakaa kooni!

Nyumbani nimemkuta mama kitini, karibu na redio. "Mwalimu, ni wewe?" Ananiita hivyo tangu nilipopata cheti, mwanzo kwa utani, siku hizi kwa mazoea. Ni mimi, nikasema. "Mbona unakwaruza hivyo, umemeza msumeno?"

Nikasema mafua.

Macho ya mama yalishazimika kabisa, presha ya macho. Hajaiona mvi yangu hii. Kwake mimi ni sauti.

Sikumwambia.


Jumatano, 5 Februari

Nimefundisha mwaka wa pili leo. Wiki ijayo wanaenda shule za jirani kwa mazoezi ya kufundisha, wote roho juu. Tumefanya he na she. Lugha yetu ina "yeye" mmoja tu, haulizi kama ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo mtoto anasema "my mother, he is cooking" na haoni tatizo liko wapi. Nimewaambia msimcheke. Siyo mjinga huyo, kabeba sheria za nyumbani kwao.

Halafu ile th. Kijana wa nyuma mwenye mbwembwe, wanamwita Diwani, akasimama na kifua mbele: "Teacher, I am sinking!" Alitaka kusema anafikiri, kasema anazama. Nikamwambia basi apige kelele aletewe boya. Watu hawana mbavu. Nami nilicheka, kicheko kikakatika katikati, kikaja kikohozi. Damu kidogo kwenye leso. Nikaikunja haraka.

Shangazi hakucheka. Aliiona ile leso, nadhani. Ndiye mkubwa kuliko wote darasani, mama wa watoto watatu, aliacha cherehani yake kuja kusomea ualimu. Jina hilo wenzake walimpa. Anaandika Kiingereza kilichonyooka. Kukisema — ng'o! Ukimuuliza swali anainama mpaka unaihurumia sakafu.

Alibaki baada ya kipindi. Anasema atafeli wiki ijayo. Akisimama mbele ya watoto koo litagoma. Haligomi, nikamwambia. Akanijibu kwa heshima zote: "Wewe mwalimu kinakutoka kama maji. Huwezi kujua."

Nikageuka nikafuta ubao. Ulikuwa safi tayari.


Ijumaa, 7 Februari

Nimemwambia mkuu wa chuo. Mzee wa watu alivua miwani, akaivaa, akaivua. Nafasi yangu ipo, anasema. Kusahihisha mitihani. Kuandaa vitabu. Au maktaba.

Maktaba! Ananitakia mema, najua.

Wamepata mkufunzi mpya wa kushika darasa langu, dada mmoja kijana, katoka masomoni juzi. Mkuu akaniomba kitu kimoja, kwa shida, kama mtu anayeomba nguo ya maiti: kabla sijaenda, nirekodi matamshi yote, wanachuo wabaki nayo.


Jumamosi, 8 Februari

Stoo ya vitabu, madirisha yamefungwa, jasho. Fundi kompyuta wa chuo kanivisha hedifoni. Ship, sheep. Live, leave. Think, sink. Nilisoma taratibu, kila neno mara mbili. Nilijisikia mwenyewe masikioni. Sauti ya mwanamke aliyechoka lakini anajua anachosema. Nikaipenda ghafla, baada ya kuishi nayo bila kuijali.

Mwishoni fundi akasema, "Mama, bado tuna muda. Hutaki kumwachia mtu wa nyumbani neno?"

Nikasogea kwenye maiki. "Mama, ni mimi."

Halafu? Maneno ya kizungu yalitiririka bila kukwama. Ya mama yangu — hata moja halikuja. Nikaanza kusema nampenda, likasikika kama tangazo la redio. Nikaacha. Mwisho nikasema yale ninayomwambia kila siku. Mama, chai tayari. Mama, natoka, narudi jioni. Mama, hapo pana ngazi.

Fundi alikuwa anahangaika na waya ambao haukuwa na shida yoyote.


Jumanne, 11 Februari

Nimeamka bila sauti. Mnong'ono tu. Daktari alisema itakuwa inakuja na kuondoka.

Zamu ya Shangazi, darasa la tatu. Watoto wamebanana madawatini, wengine mkekani. Somo: in, on, under. Kaja na beseni na kiatu. Nilikaa nyuma na karatasi za tathmini.

Alisimama. Akafungua mdomo. Hakuna!

Watoto wakaangaliana. Mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata. Jasho linamtiririka Shangazi mpaka kwenye kola. Mimi huku nyuma nimeshainuka nusu kumwokoa, mdomo wazi — na kwangu pia hakuna. Hewa tupu. Tukaangaliana hivyo, mwanafunzi na mwalimu wake, mabubu wawili.

Basi akavua kiatu chake mwenyewe akakiweka juu ya meza, paa! Akawatazama watoto. Mmoja akajaribu: "On?" Akatikisa kichwa kwa nguvu: ndiyo. Akakitia kwenye beseni. "In!" Akakitupa chini ya meza, darasa zima "Under!" Halafu akamshika mkono msichana mdogo wa mbele, akamwingiza chini ya meza. Watoto wakapagawa: "He is under the table!" Shangazi akasahau kuogopa. "She!" akapaza sauti. "She is under the table!" Na sauti ikaja, nene, ya mtu aliyezoea kulumbana na wateja. Haikukatika tena mpaka kengele.

Alinikimbilia nje. "Mwalimu, pale nilipokwama ulitaka kuniambia nini?"

Nilitaka kumnyang'anya darasa. Ndiyo kweli yenyewe. Ningekuwa na sauti ningesimama, ningefundisha mimi, vizuri kabisa, naye angekaa pembeni na kulia. Nikamnong'oneza tu: umefaulu.

Nilifurahi. Ningependa kusema nilifurahi kuliko hivyo.


Alhamisi, 13 Februari

Sauti imerudi kidogo. Nikamwita mdogo wangu aje, sikutaka kulisema peke yangu. Fundi umeme, hodari wa kupanda nguzo, lakini leo kakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni.

Nimemwambia mama yote. Uvimbe, kisu, Jumanne.

"Sauti yote wataitoa?"

Yote.

Akapapasa akazima redio. "Sasa nitajuaje kama aliyeingia ni wewe au ni mwizi?"

Mdogo wangu akacheka. Halafu akaona mama hatanii.

"Yalipozimika haya macho," mama akasema, "kila mtu alilia, mimi sikulia. Nilisema shida iko wapi, mwanangu si nitamsikia." Akanigeuzia sikio. "Mafua, ulisema."

Nikasema nisamehe mama.

Akainuka, akaomba apelekwe kitandani. Jua lilikuwa bado kali. Nilimshika mkono, akauondoa taratibu, akashika ukuta.


Jumapili, 16 Februari

Siku mbili kaongea nami kwa "ndiyo" na "hapana". Leo baada ya chai kaniita kitandani kwake. "Kaa. Ongea."

Daktari kanikataza, nilipumzishe koo.

"Huyo daktari anaishi na wewe? Ongea."

Niongee nini?

"Chochote. Hata hicho Kiingereza chako unachowasomea watoto wa watu."

Nikachukua andalio la somo la darasa la kwanza lililokuwa mezani. This is my mother. This is my father. Naye akaanza kufuatisha! Mama yangu, ambaye hata "good morning" hataki. "Zis is mai maza." Nikasema ulimi, mama, utoe kidogo katikati ya meno. "Meno gani?" akauliza. Akautoa kwenye fizi, akapuliza, mate yakaruka, tukacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Tukaendelea. Alikuwa mwanafunzi mbishi, anauliza kila kitu, kwa nini hivi na si vile, nani aliamua. Nyumba nzima tuliitaja, jirani tukamtaja, na paka.

Sauti ilikatika adhuhuri, katikati ya sentensi. Nikamfinya mkono.

"Imeisha?"

Nikamfinya tena.

"Haya," akasema. "Kwa leo tumesoma vya kutosha." Akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.


Jumatatu, 17 Februari

Wodini. Kitanda cha dirishani. Nesi ameniuliza jina kamili, sauti imetoka kidogo, nikamtajia. Hakusikia. Tafadhali rudia. Nikarudia. Pole mama, mara moja tena.

Hata mara kumi, mwanangu. Uliza tu.


Jumamosi, 22 Februari

Mpira puani. Mpira mwingine shingoni. Mwandiko wangu umekuwa kama wa mtoto.

Kulia kumebaki machozi tu. Sikujua kumbe kilio kikubwa ni sauti.

Mdogo wangu amekuja. Mama yuko kwake, wifi anamtunza. Nikamwandikia: umemsikilizisha ile rekodi niliyokutumia? Akainamisha kichwa. Anasema aliweka simu juu ya meza, ikasema mama, chai tayari. Mama akanyoosha mkono mezani akatafuta kikombe. Akapapasa meza yote. Hakikuwepo. Akasema, "Zima. Usinifanyie hivyo tena."

Ameifuta. Nimemwandikia amefanya vizuri.


Jumatano, 5 Machi

Mpira wa pua umetoka. Uji, kijiko kwa kijiko.

Wamekuja Shangazi na Diwani. Diwani kaniona shingo, mbwembwe zote zikaisha, akaanza kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dripu. Shangazi alikaa kitandani kabisa, akanishika mguu. Akaniongelesha Kiingereza! Chote, bila kuinama. Mazoezi yamekwisha, amefaulu, mkufunzi mpya alikwenda kumtazama mara ya mwisho. "He was very happy, he said my voice is strong."

Mkufunzi mpya ni yule dada. Kidole changu kikainuka chenyewe.

"She!" Shangazi akajirekebisha. "She, she, she!"

Tukacheka wote watatu. Kicheko changu kilitokea shingoni, upepo, na kitambaa kinachofunika tundu kikapepea. Diwani akatoka nje.

Nikauliza kwa maandishi, rekodi mnazitumia? Shangazi akachelewa kidogo kujibu. Wanazitumia, ila mkufunzi mpya anapenda kutamka mwenyewe. Ana sauti nzuri, akaongeza, halafu akajuta kuongeza.

Ni sawa. Afanye hivyo hivyo. Ningefanya hivyo hivyo.


Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani! Mdogo wangu kanileta, wifi kamleta mama. Alikuwa ameshakaa kitini pake tulipoingia. Akageuza kichwa. "Nani?"

"Ni yeye, mama," mdogo wangu akasema.

"Sijakuuliza wewe."

Nikapiga magoti mbele yake. Akatega sikio, akasikia pumzi inatoka mahali ambapo si pake. Vidole vikaja usoni, mashavu, kidevu, vikashuka, vikakifikia kitambaa. Vikasimama hapo. Upepo wangu ukawa unampuliza ncha za vidole, unaingia, unatoka. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Umekonda," akasema.

Mdogo wangu ametupangia: nikigonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mama akasema tumefikia kugongeana ukuta kama wapangaji waliokosana. Wifi akacheka. Wakapika, wakaosha vyombo, wakaondoka wakiwa na haraka ya watu wanaotaka kuvuta pumzi. Siwalaumu.

Jioni sasa. Niko chumbani, mama sebuleni. Ananiita.

"Mwalimu!"

Nimegonga ukuta mara moja.

Halafu tena: "Mwalimu!"

Nimegonga, kwa nguvu zaidi.

"Ukuta nausikia," anasema. "Nimekuita wewe."

Hajakasirika. Anasema polepole, kama anayemwelekeza mtoto. Nimesimama mlangoni na daftari mkononi, naandika nikiwa nimesimama, namwona ubavuni. Kama ni maji ya kunywa, kikombe kipo karibu yake, amekishika. Hataki kitu. Ameinamisha kichwa upande wangu, sikio mbele, na anangoja. Mdomo nimeufungua. Ulimi nimeuweka mahali pake. Anavuta pumzi aite tena —