Mama, Sufuria Yako Ilinyamaza

Shikamoo, Mama.

Nimeisema kwa sauti nikangoja kidogo, mazoea tu. Shangazi wa nyumba ya pili alikuwa akipita uani, akanitazama kama anayetaka kunisomea dua. Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile ulizonifundisha wewe. Macho yake hayamruhusu kusoma, na afadhali, maana mengine humu yanamhusu.

Tangu tukuzike nyumba si ile. Kuku wako mweupe amehamia kwa jirani na hataki kurudi. Kitanda chako tumekisimamisha ukutani, na mdogo wangu Riziki hataki kiteremshwe, wala mimi sina nguvu ya kukiteremsha. Nimezidi ukali, Mama. Ulikuwa ukiniambia nipunguze ulimi. Sasa huo ulimi ndio nilionao wa kuilindia nyumba, kwa hiyo sijaupunguza.

Nataka kukueleza ya Ijumaa. Watu wa Jego walikuja kuchukua jibu la posa ya Riziki.

Wakumbuka ulivyomwambia Mzee Salimu, babake kijana: "Njooni masika yakitulia, nitawapikia tena ile nyama yangu ya Diani." Akaondoka hapa akiilamba midomo. Basi ukatutoka kabla ya masika kutulia. Arobaini yako ilipopita tu, Baba Mdogo akaja kutoka Bongwe, akakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa, akasema nyumba ya wasichana wawili haiwezi kupokea wageni wa heshima. Yeye atamchukua Riziki, akae kwake, na mume atamtafutia yeye. Tunamjua anayemtafutia. Ni yule rafiki yake mwenye duka, ana wake wawili na ndevu nyeupe.

Nikamwambia watu wa Jego wana neno lako. Akacheka. "Haya, wapokee. Mkiaibika, Riziki anaondoka na mimi."

Mama, siku ile ya mwisho uliponishika mkono hukuniusia shamba wala minazi. Ulisema, "Riziki atoke kwa mlango huu, bi arusi." Basi. Nami nikaitikia, nikiwa sijui hata nitaulinda vipi huo mlango.

Nyama akaileta Baba Mdogo mwenyewe. Usipoitazama utasema ni wema. Ilikuwa paja la maksai aliyevuta jembe mpaka akachoka na dunia. Nilipolichoma kisu, kisu kikagoma. Na kuni zote mbichi kwa mvua. Kwa sufuria ya kawaida ningechemsha mpaka wageni wanarudi kwao, na bado wangetafuna kamba. Nikaelewa amefanya nini. Nikafungua sanduku lako nikaitoa sufuria ya mvuke.

Umeiacha imefungwa kwenye leso ileile. Nikakukumbuka ulivyokuja nayo kichwani, siku yule bibi wa Kizungu wa Diani uliyemlelea watoto aliporudi kwao akakupa, na watu njiani wakikuuliza kama umebeba bomu. Wewe mwenyewe uliiogopa. Kila ukiipikia lazima nisimame nawe mlangoni, umenishika kifundo cha mkono. "Kwanza ikaange nyama kwa samli mpaka igeuke rangi pande zote, utamu wake ni hapo." "Maji kikombe, hatupiki supu." "Viazi na karoti vije mwisho, visivurugike." Kisha unafunga kifuniko, unaweka kile chuma kizito juu ya kitundu cha mvuke, tunangoja. Kikianza kucheza na kupiga mbinja, unapunguza kuni na kutabasamu. Na kila mara unarudia, umeacha kutabasamu: "Ikinyamaza na moto ungaliko chini, mvuke umezibwa njia. Usiiguse. Toka."

Ijumaa nilifanya yote hayo. Nililipaka paja kitunguu thomu, pilipili manga na ndimu tangu Alhamisi. Nikalikaanga mpaka mikono yote ikarukiwa na mafuta. Nikatia vitunguu, kikombe cha maji, nikafunga. Ilipoanza mbinja, wallahi nilisikia kifundo changu kimeshikwa.

Wageni wakafika baada ya swala, Mzee Salimu na mkewe Bi Mwanatumu, na ndugu zao wanaume. Wakakaa ukumbini, ule unaotazamana na banda la jikoni mlango kwa mlango. Riziki hawezi kuonekana mpaka jibu litolewe, unajua mwenyewe, kwa hiyo nilimficha humo jikoni pamoja na Shangazi. Nikamwambia Shangazi, kwa adabu kabisa, asiiguse sufuria. Akanijibu kwamba alianza kupika mimi sijazaliwa.

Nikaanza kuwanawisha wageni. Mkono umeshika birika, masikio yako jikoni. Mbinja inaendelea. Baba Mdogo amekaa kama mwenye nyumba, anasema, "Harufu tunaipata, sahani hatuzioni," na watu wanacheka kwa heshima. Nikacheka pia. Nikafika kwa Bi Mwanatumu, akanyoosha mikono, nikainamisha birika.

Mbinja ikakatika.

Nikasema moyoni, labda kuni zimezima. Lakini harufu ya moto ilikuwa imezidi, haikupungua. Maji yanamwagika mikononi mwa yule mama, yamejaa beseni, nami sioni. Riziki yuko mle ndani, Mama. Nikimwita, atatoka mbele ya wakwe kabla ya jibu, na nguo za jikoni, na Baba Mdogo atakuwa amepata alichokijia. Nisipomwita. Sikumaliza kufikiri hilo la pili. Nilimtazama Baba Mdogo naye akanitazama, akaona nimebadilika uso, akatabasamu.

Nikaliacha birika likaanguka. "Riziki, toka. Toka hivyo ulivyo."

Nikakimbia mvuani. Riziki akatoka, maana mimi nikimwita kwa sauti ile hajiulizi. Alikuwa na leso moja tu kifuani, kichwa wazi, masizi usoni. Akasimama katikati ya ua, mbele ya ukumbi mzima. Shangazi hakutoka. Nilimkuta amekaa kwenye kibao, koleo mkononi, ameridhika. "Umesahau kupalia," akaniambia. "Nimekupalilia."

Ndiyo, Mama. Alikuwa amelaza bati la debe juu ya sufuria, bati limekigandamiza kile kizito, na juu yake amerundika makaa mekundu kama anapalia wali wa arusi. Maishani mwake hajawahi kuipua chungu ambacho hakikupata moto juu. Kwake hicho ni kibichi. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na ndiyo maana mpaka leo sijui nimkasirikie vipi.

Mkono wangu ulienda kwenye bati. Ulienda wenyewe. Kisha nikakusikia, si kwamba nasema sauti yako ilitoka mahali, ila nikakusikia. Usiiguse. Toka. Nikamshika Shangazi kwapani nikamburura, naye akinitukana mimi na shule yangu. Tulikuwa ndio kwanza tunavuka kizingiti, sufuria ikalia kishindo.

Kifuniko hakikutoka. Ni ule mpira mdogo unaoziba kitundu cha pembeni ndio uliofyatuka, mvuke na mchuzi vikatoka kwa nguvu, bati likaruka na makaa yakapanda kwenye makuti. Nje makuti yameloa, ndani ni makavu. Yakaanza kufuka. Nikageuka kutafuta maji, nikawakuta Mzee Salimu na ndugu zake wameshafika, kanzu wamezikunja kiunoni, wanarusha maji ya mtungi, mpaka yale machafu ya kunawia. Moto ukazima. Hakuna aliyeumia, ila Shangazi amepoteza nyusi moja na hataki izungumzwe.

Basi tukasimama sote kwenye matope. Kanzu nyeupe zimekuwa rangi ya udongo. Riziki katikati, kichwa wazi, hajui ajifunike na nini. Baba Mdogo peke yake ndiye aliyebaki ukumbini, mkavu. Akasema, "Nilisema mimi. Riziki, chukua nguo zako, leo hii unalala Bongwe."

Nikafungua kinywa nimjibu. Mama, hapakuwa na kitu. Ulimi huu uliokuwa ukiulalamikia miaka yote, siku nilipouhitaji haukunipa hata neno moja. Nikaona mlango wako nyuma yake, nikajua nimeshindwa.

Bi Mwanatumu akashuka ukumbini polepole, akiwa bado na mikono iliyolowa. Akavua leso yake ya juu, akamfunika Riziki kichwa na mabega, akaikaza chini ya kidevu kama anavyofunikwa mtoto wa nyumbani. Hakumtazama hata Baba Mdogo alipomjibu.

"Bwana, mkwe wangu anarowa. Tupishe tumwingize ndani kwao."

Baba Mdogo akapisha. Nimeshuhudia kwa macho yangu, alisogea.

Mzee Salimu akauliza kama nyama nayo imekufa. Tukaimwagia sufuria maji mpaka ikapoa, wanaume wawili wakafungua kifuniko. Mchuzi nusu uko darini, viazi sikuwahi kuvitia. Lakini lile paja la maksai lilikuwa linaachana kwa kijiko. Wakalila kwa mkate. Mzee akasema, "Ndiyo yenyewe, ila ya mama yenu haikuwa na majivu." Nikacheka, kisha nikalia juu ya sinia mbele ya wageni, na hakuna aliyenikataza. Baba Mdogo alikula pia. Tangu hapo hajaja.

Arusi ni kabla ya Ramadhani. Kijana ameleta salamu kutoka Ramisi anakofanya kazi, anasema kiwandani kwao hakukosekani mpira wa kuziba kile kitundu cha pembeni. Riziki anaitaka sufuria aende nayo Jego. Nimemkubalia, kwa sharti kwamba shangazi wa huko waonyeshwe kwanza.

Sijamwambia lililobaki. Naogopa, Mama. Naogopa siku atakayoondoka, hii nyumba itakavyonyamaza. Wewe ulinifundisha kutoka, na mimi nataka kukaa.

Lala salama, Mama. Mungu akupanulie ulipo. Riziki atatoka kwa mlango huu, nitaushika kwa mkono wangu mpaka apite. Akishapita nitaufunga, nikiteremshe kitanda chako nilale.

Mwanao,
Mwanamisi