Migongo ya Askari Wako

Mjukuu wangu Masanja,

Marahaba. Hapa Kiseke tuko wazima, ila bibi yako anapakulia ugali kwenye stuli kwa sababu wale askari wako wadogo wa plastiki, jeshi zima la Napoleoni, wamejaa mezani. Sasa unaniuliza kama niwatume hivyo hivyo, migongo haijapakwa rangi, eti nani ataiangalia!

Utotoni kule Usagara nilimfinyanga kwa udongo ng'ombe wetu mweusi. Baba akamgeuza, akatazama tumboni, akafoka: "Huyu si wetu. Wetu ana chuchu tatu."

Nililia, kisha nikabandua moja kati ya zile nne nilizombandika. Kesho yake nikamkuta Baba akimgeuza ng'ombe wangu mbele ya wageni, awaonyeshe tumbo.

Askari wako siwatumi. Njoo umalizie mwenyewe. Mpiga ngoma wao nimeshampaka mgongo, na macho bado yananiuma.

Babu yako