Kufuli la Junju

Tezo, Kilifi
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Ngowa,

Shikamoo kaka. Jua la mashamba ya chumvi huko Gongoni likoje mwaka huu, na nyayo zako je, bado zinapasuka? Wifi Everlyne na watoto nawasalimu mmoja mmoja. Huku hatujambo. Mama ni mzima, ila nyonga yake ni ile ile, asubuhi huamka akijishikilia ukutani. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako kila mtu kambini huipokea, na haya si ya kila mtu.

Kwanza habari njema. Nyumba za ushirika tumezimaliza na watu wamehamia. Ni kumi na mbili, zimezunguka uwanja mmoja. Matofali tuliyashindilia wenyewe kwa udongo wa hapa Tezo, hatukuchoma hata ukuni mmoja, na adhuhuri ndani kuna ubaridi bila feni. Maji ya mvua tunayakinga kutoka mapaani hadi kwenye tangi moja, na jiko ni la pamoja. Kila nyumba ina baraza inayotazama uwanja, na sharti letu ni kwamba anayepita mbele ya baraza husimama, akasalimu, akangoja ajibiwe. Sharti hilo nililitoa kwa bibi, unakumbuka alivyotugombeza tulipowapita watu kimya. Wageni kutoka mjini walinisifu sana, wakasema mchoraji wa ramani hii anapenda watu. Nilicheka, nikashukuru.

Kaka, ramani ile niliichora kwa chuki.

Simeon wa Junju hujamsahau, najua. Alinunua kile kiwanja chenye kisima tulichokitegemea karibu na kwetu, akakizungushia ukuta, akatia lango la chuma na kufuli. Mwaka mzima Mama akaenda bwawani na mtungi kichwani, mpaka alipoteleza korongoni akavunjika nyonga. Wewe ulikuwa umeshakwenda kutafuta kazi. Mimi nilikuwa darasa la sita, na ndiye niliyemkuta, mtungi umepasuka chini yake. Simeon alipita na pikipiki, akatutazama, akaenda zake. Sura yake ya siku ile ninayo mpaka leo.

Basi mwaka juzi akaomba kujiunga na ushirika wetu. Mkewe alishafariki, wanawe wako mbali, na kiwanja cha Junju amekiuza. Mwenyekiti wetu, Bi Phoebe, aliniuliza kama nina neno juu yake. Neno moja tu lingetosha akataliwe. Nikasema sina. Nilimtaka karibu.

Nilimpa nyumba ya kumi na mbili. Kutoka mlango wake wa nyuma hadi kwenye tangi ni hatua kumi, nami nikachora ukuta katikati. Kamati niliiambia kwamba ukuta unazuia vumbi la upepo wa kusi, na tena mzee anayeishi peke yake ni vizuri aonekane na watu kila siku. Wote wakakubali. Kwa hiyo Simeon, ambaye goti lake moja limevimba, akitaka maji huzunguka uwanja wote, husimama kwenye baraza kumi na moja, na ya mwisho ni yetu. Nilitaka amwamkie Mama asubuhi na jioni mpaka siku ya kufa kwake. Bi Phoebe alimwonea huruma, akashikilia kwamba ukuta uwe na kijilango. Nikakiweka, kisha nikasema bawaba zake ni mbovu, tunamngoja fundi.

Na unajua, hakumtambua Mama! Alimsalimu kama mtu yeyote, akasifu baraza yake. Damu ilinichemka. Mama alimjibu vizuri, akamvutia kigoda apumzishe goti. Miezi minne nilikaa dirishani asubuhi nikimtazama anavyochechemea na mtungi wake, na nakuambia kweli, sijawahi kunywa chai tamu namna ile.

Sasa nisikilize, kwa maana hili sijamwambia mtu. Bawaba hazikuwa na kasoro yoyote. Kijilango nilikifunga mimi, kwa kufuli lile lile la lango la kisima. Aliyenunua kiwanja cha Junju alipong'oa lango, nilimwendea fundi wake nikamwomba kufuli na ufunguo, nikavificha kwenye nguo zangu mpaka kijilango kilipowekwa.

Jumanne Simeon hakutokea, goti lilikuwa limemshinda. Mama akaenda kwenye kijilango, akalishika kufuli, akaligeuza. Aliporudi aliniambia kwamba angelitambua hata kwa kupapasa, kwa kuwa alisimama mbele yake na mtungi mtupu siku nyingi mno. Nilingoja anitukane. Alichukua gongo lake, akazunguka uwanja, akarudi na mtungi wa Simeon, akaujaza, akauweka kichwani akazunguka tena, akisalimu kila baraza. Nilimkimbilia nimpokee. Akakataa, akasema mzigo huo ameuzoea, na kwamba yeye na kufuli hilo wanajuana.

Jumatano akabeba. Alhamisi akabeba. Mpaka jana, kaka, na kila mara mimi nimesimama uwanjani mikono mitupu. Watu wanamsifu kwa wema wake na hakuna anayejua kwamba binti yake ndiye anayembebesha.

Leo kabla ya ibada nimelifungua. Usidhani nimemsamehe Simeon. Sijamsamehe, na sijui kama nitaweza. Amepita pale kijilangoni, akanishukuru kwa kutengeneza bawaba. Nikamwambia karibu.

Nisalimie wote kambini wanaonijua, na wifi mwambie ile mikeka aliyoagiza iko tayari. Mama anakuombea. Kijana wa pikipiki anayekuletea barua hii anacho pia kifurushi kidogo kizito. Ndani yake mna kufuli na ufunguo. Litupe kwenye bwawa la chumvi, liliwe na kutu huko, kwa sababu likibaki hapa najijua nitalirudisha. Na siku nikikuandikia kukuuliza lilipo, usinijibu.

Ni mimi mdogo wako,
Nyevu