Papa Gratien na Baiskeli ya Umeme ya Mkewe

Feza, uko wapi? Papa Gratien ametuua kwa kicheko leo!

Unajua anavyojivunia baiskeli yake, ile iliyomtoa Bukavu wakati wa vita. Mkewe, Maman Benitha, aliponunua ya umeme, mzee alisema: «Hiyo ni ya bavivu!»

Basi leo wanaenda Nkungu kumposea kijana wao. Mlimani mzee akashuka, anasukuma, shati la sherehe limelowa jasho. Maman akamfikia, hata pedali hakanyagi.

«Papa, panda nyuma, bakwe banatungojea.»

Akakataa. Feza, akakataa tena!

Miguu ikagoma. Akaacha baiskeli yake kwenye duka la njiani, akapanda nyuma ya Maman.

Kufika, wakwe wote walikuwa mlangoni! Mzee akashuka, akanyoosha koti: «Nilikuwa namufundisha kuendesha.»

Maman akajibu: «Ni kweli. Ndiyo maana alinikumbatia mlima wote.»