Mkono Kwenye Debe

Nairobi
8 Mei 1971

Kwa dada yangu mpendwa Nyaguthii,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mama yuaendeleaje? Kikohozi chake kinampa nafasi ya kulala, au baridi ya Ainabkoi bado haina adabu? Mimi ni mzima, ila vidole vimeota sugu. Ni sugu za gitaa, si za jembe, kwa hivyo cheka upesi umalize.

Uliniuliza anwani. Dada, mpiga gitaa hana anwani, ana ratiba. Jumatano na Alhamisi tuko Mwendo Bar, River Road, ghorofani juu ya duka la viatu. Ijumaa tunapiga Taa ya Kijani, Ngara, kwa watu wa suti wanaopiga makofi kwa vidole viwili. Jumamosi ni Nyota Tatu, Eastleigh, na huko ndiko kwenye muziki wenyewe: Wakongo wanapanda jukwaani na sisi, rumba inakolea mpaka wapishi wanaacha nyama iungue.

Kampuni yetu ya kununua mashamba ikishatupa shamba, uza gunia la kwanza la mahindi uje na Mama niwatembeze kote. Mama nitamkalisha Taa ya Kijani, kuna viti vya mto. Wewe nitakupeleka Nyota Tatu tuone kama bado unajua kucheza. Mwambie Mama kila nikipanda jukwaani ninavaa lile koti la Baba.

Ni mimi ndugu yako,
Kiarie

*

Ainabkoi
2 Julai 1971

Kwa Kiarie, mtoto wa mama,

Tunakusalimu sote wawili. Mama anakohoa lakini bado ana nguvu za kunigombeza, kwa hivyo usiogope sana.

Barua hii nimeiandika mara tatu: moja Mwendo Bar, moja Taa ya Kijani, moja Nyota Tatu. Jeruto wa posta alisoma bahasha akaniuliza, "Kwani huyu mtu wako anakaa baa ngapi?" Nilicheka, ingawa safari hii sina la kuchekesha.

Siku imetangazwa. Jumamosi tarehe kumi na saba mwezi huu shamba la mzungu linagawanywa. Unajua desturi ya kampuni yetu: nambari za ploti zinakunjwa, zinatiwa kwenye debe, na kila mwenye hisa anaingiza mkono wake mwenyewe. Hisa ya Baba, kwa kuwa ametangulia, imepita kwako. Nilienda ofisini Eldoret nikawaambia ni mimi ninayelima hapa, ni mimi niliyemuuguza Baba, basi niruhusuni niingize mkono. Mwenyekiti akaniuliza, "Macharia hakuzaa kijana?" Nikasema alizaa. "Basi si aje?"

Sasa sikiliza vizuri. Karani ametuonya kwamba jina linaloandikwa kitabuni ni la mkono ulioingia debeni. Likiandikwa limeandikwa. Panda treni Alhamisi, Ijumaa uko hapa.

Mama amekuwa kibarua kwa udongo huu miaka ishirini na mitatu. Baba alizikwa kwa shamba la mzungu kama mtu aliyeomba mahali pa kulala. Mama anasema yeye hawezi kuzikwa kwa udongo wa mwenyewe mwingine. Hilo tu ndilo analotaka duniani, na linategemea mkono wako.

Dada yako akupendaye,
Nyaguthii

*

Nairobi
9 Julai 1971

Dada mpendwa,

Natumaini hamjambo. Barua zako zote tatu zimefika. Ile ya Mwendo Bar ilifunguliwa na Benta, mhudumu wa pale, akaisoma kwa sauti, na baa nzima ikacheka ilipofika kwa Jeruto.

Usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Jumamosi hiyo hiyo, mtu wa kampuni ya rekodi anakuja Nyota Tatu kutusikiliza. Mkubwa wa bendi amesema asiyekuwepo gitaa lake atapewa mwingine. Nimengoja siku hiyo miaka minne, dada. Nikiikosa nitarudi kuwa mtu wa kubeba spika.

Lakini nimepanga mambo. Nimemtumia Ndungu wa baba mdogo kitambulisho changu, pamoja na barua yenye sahihi yangu kama watamuuliza maswali. Tunafanana, hata Mama alikuwa akituchanganya. Jina langu likiitwa ataitika, ataingiza mkono, basi. Ndungu amekula kwa sufuria yetu tangu mdogo. Damu ni damu.

Mpe Mama busu. Mwambie shamba tumepata.

Ndugu yako,
Kiarie

*

Ainabkoi
25 Julai 1971

Kiarie,

Mama anakusalimu. Nami nakusalimu, kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa.

Ndungu alikuja na viatu vipya. Jina lako lilipoitwa alisimama, akaingiza mkono, akatoa nambari arubaini na moja. Ni ploti nzuri, inashuka mpaka mtoni. Mama alianza kupiga vigelegele, vile vitano vya mtoto wa kiume ulivyopigiwa siku ulipozaliwa. Alikuwa amefika cha tatu karani alipouliza, "Niandike nani?" Ndungu akasema, "Ndungu wa Mburu." Akatoa kitambulisho chako na barua yako. Akasema, "Kiarie ni mtu wa mjini sasa, ameniachia mimi. Sahihi yake hii hapa." Karani akaandika. Mama alibaki na mkono mdomoni, na watu wakageuka kumtazama.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini nguo hii ulimvika wewe, na nilikuwa nimekuonya.

Umebaki mlango mmoja. Kamati imesema ukija mwenyewe kabla ya mwisho wa Agosti, usimame mbele yao uikane ile barua, kura itarudiwa. Hawanitaki mimi, hawamtaki Mama, hata mzee wa kanisa wamemkataa. Wanataka wewe. Ndungu ametupa mpaka Septemba tuondoke kwenye nyumba.

Sitakuuliza mtu wa rekodi alisema nini. Njoo tu. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Dada yako,
Nyaguthii

*

Nairobi
20 Februari 1972

Kwa dada yangu Nyaguthii,

Habari za siku nyingi? Mama ameamkaje? Nasikia siku hizi mko mjini Eldoret, mtaa wa Huruma. Angalau mko karibu na hospitali.

Najua nimekaa kimya, na kimya kinatafsiriwa vibaya. Tulipelekwa Mombasa mwezi wa nane kupiga kwenye hoteli, na barua yako nilikuja kuikuta Novemba, Benta ameiweka chini ya chupa. Siku zilikuwa zimeshapita. Mbona safari hiyo ulituma moja tu? Ungetuma tatu kama kwanza labda ingenifikia.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Rekodi imetoka. Ni wimbo wangu mwenyewe, wa mama aliyenyang'anywa shamba mbele ya macho yake. Redio inaupiga kila siku. Nyota Tatu nikiuimba wanaume wazima wanainamia meza. Na sasa bendi inakuja kwenu! Tarehe ishirini na tano Machi, katika ukumbi wa mji. Nimewawekea viti viwili vya mbele. Mlete Mama asikie vile nilivyomlilia.

Ndugu yako ambaye hajawasahau,
Kiarie

*

Huruma, Eldoret
27 Machi 1972

Kiarie,

Salamu sitaandika, kwa sababu salamu huuliza habari za nyumbani.

Nilituma barua moja kwa sababu ile ya pili niliileta mimi. Wiki ya mwisho ya Agosti niliuza kuku nikapanda treni. Nilifuata ile ratiba yako. Jumatano nilipanda ngazi juu ya duka la viatu. Ijumaa nilisimama Taa ya Kijani, nikaviona vile viti vya mto. Jumamosi nilifika Nyota Tatu. Kote waliniambia bendi iko Mombasa. Kwa hiyo ziara umenitembeza, nashukuru.

Huko Mwendo Bar nilimkuta Benta. Ni mama mwenye huruma, alinipa chai na hakutaka pesa. Hakuwa ameficha barua chini ya chupa. Alinionyesha kigoda ulichokalia ukiisoma, kabla Julai haijaisha. Alisema uliisoma mara mbili, ukafuta macho, kisha ukaomba kalamu. Alidhani unanijibu. Ukaigeuza barua yangu, na nyuma yake ukaandika wimbo.

Ulikuwa na mwezi mzima, Kiarie. Treni ilikuwa inapita kila siku.

Tuliondoka Ainabkoi Septemba, tukapanga chumba kimoja hapa. Mama alilala tarehe mbili mwezi huu, asubuhi, akiwa ameshika kikombe. Nilimwomba Ndungu kipande cha kutosha kaburi tu, kule chini karibu na mto. Akasema hataki makaburi ya watu kwa shamba lake. Tumemzika kwa makaburi ya mji. Ana nambari yake sasa, kwenye kijiti, bila hata jina lake Waithira, na kaunsili ya mji wakitaka udongo wao wataking'oa.

Jumamosi nilikuja mpaka mlango wa ukumbi. Niliona picha yako ukutani, umevaa koti la Baba. Sikuingia, lakini niliusikia wote, hata vigelegele vya watu. Ni wimbo mzuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Mama pia aliusikia. Ukuta wetu ni mbao tupu, na jirani yetu Rael ana redio. Ilikuwa ikikwaruza, na Mama masikio yalikuwa yameshadhoofu, kwa hivyo hakutambua sauti. Siku moja alinishika mkono akaniuliza, "Huyu kijana anayemlilia mama yake hivi, kwa nini asiende tu nyumbani?"

Nikamwambia ni mtu wa Nairobi, hatumjui.

Nyaguthii,
binti wa Waithira