Makuti Yasifunuliwe: Mikarafuu ya Wakfu wa Madrasa

KAMATI YA SHAMBA LA WAKFU, KENGEJA
Jumapili, 9 Novemba 2025, katika baraza ya madrasa, baada ya alasiri

Waliohudhuria: Mzee Nyange Khatib (Mwenyekiti), Bi Mwanamize Suhail, Mzee Talib Safari, Ridha Masika (Katibu).
Asiyehudhuria: Mzee Abdulsamad, aliyefariki Agosti. Nafasi yake haijajazwa.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa Fatiha, akawashukuru wajumbe kwa kuwa bado wapo. Alikumbusha kwamba kijana wa kamati ni Katibu, mwenye miaka sitini na minane.

KUMB. NA. 2/11/2025: HALI YA MICHE
Katibu aliripoti kwamba miche ya mikarafuu iliyopandwa Aprili, kila mjumbe mstari wake, ili mavuno yake yaje kumlipa mwalimu wa madrasa, imekauka karibu yote. Mstari uliostawi ni wa marhum Mzee Abdulsamad peke yake.

Bi Mwanamize, aliyeitoa ardhi wakfu, aliuliza sababu. Hatimaye ilibainika kwamba kila mjumbe, akitoka msikitini, hupita shambani kufunua makuti ya kivuli katika mstari wake, aone kama mche umetoa jani. Hapo ndipo jua lilipoingilia. Mwenyekiti alikiri kufunua mara moja kwa siku.

Mzee Talib alisema, "Sema mara moja kwa kila sala, Mwenyekiti. Si tunakutana huko shambani?"

Katibu naye hufunua, na huandika tarehe.

Mstari wa marhum haukuwa na wa kuufunua.

KUMB. NA. 3/11/2025: HOJA YA MUHOGO
Mzee Talib alipendekeza upandwe muhogo. "Mkarafuu ni miaka saba. Miye wakati huo nishasomewa hitima."

Bi Mwanamize alijibu, "Ardhi nimewapa watoto, Talib, si tumbo lako. Hata miye sitazianika karafuu hizo." Aliongeza kwamba muhogo ukiingia, atatafuta kamati nyingine.

Hoja iliondolewa. Iliazimiwa miche ipandwe upya mvua za masika zikianza, na kila mjumbe afuate mfano wa marhum: apande, afunike, asirudi. Mzee Talib aliomba iandikwe kwamba anaufuata mfano huo kwenye makuti tu.

KUMB. NA. 4/11/2025: KUFUNGA
Baada ya dua, saa 11:00 jioni, wajumbe wote walikwenda shambani kuhakikisha kwamba hakuna mjumbe anayekwenda shambani. Huko Bi Mwanamize aliomba ufunuliwe mche mmoja wa marhum, amtazamie marhum kama umetoa jani. Ombi lilikataliwa kwa kura zote, pamoja na ya kwake.

Nyange Khatib, Mwenyekiti ..................
Ridha Masika, Katibu ..................